Nilivyompulizia Wifi Yangu Kioo

Hoteli nilimokuwa nikifua mashuka kule Shanzu ilipopunguza watu, nami nilipunguzwa. Nikakaa nyumbani Junda, mpaka mwenzangu mmoja wa kanisani aliponiambia kuna karakana upande wa Kiembeni inayokusanya chupa tupu za mahotelini, kuziyeyusha na kuzifanya bilauri na vyombo vya maua. Fundi wa pale alikuwa akitafuta wanawake wa kuwafunza. Nikaenda kuomba nafasi, nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri hadi nikakata tamaa, ndipo nikaitwa.

Wakati huo wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Kaloleni kukaa nasi. Hakuwa na shughuli maalumu. Asubuhi ya siku yangu ya kwanza akaniambia, "Wifi, ngoja nikusindikize, nami nikione hicho kioo kinachopulizwa." Sikuona ubaya wowote. Tukaenda.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati lenye tanuri katikati. Fundi, mtu wa makamo kutoka bara, alinieleza kazi kwa maneno machache. Unachukua bomba refu la chuma, unalichovya tanurini na kulizungusha hadi ncha yake ijikusanyie kioo kilichoyeyuka, kama unavyokusanya asali kwa kijiti. Ukishalitoa usiache kulizungusha, kwa sababu kioo cha moto ni kama uji mzito, ukikisahau kidogo tu kinaelekea chini. Kisha unapuliza kwa upande wa pili, na pumzi yako ikifika kwenye ncha inafanya tumbo.

Nilichovya, nikatoa, nikaistaajabia ile rangi, kama papai lililoiva, na huko kustaajabu kukanisahaulisha mikono. Kioo chote kikadondoka sakafuni. Mara ya pili nilipuliza hadi masikio yakaziba. Hakikutokea kitu, halafu ghafla upande mmoja ukafura kama shavu la mwenye jino bovu, ukapasuka.

"Mama, hupulizi moto wa jiko," fundi akasema. "Pumua tu."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni akila embe bichi la pilipili. Fundi, nadhani kwa kutaka nipumzike, akamwita naye ajaribu. Akaliweka embe juu ya ndoo, akajifuta mikono kwenye leso, akalishika bomba. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, huku yeye akinitazama mimi na kucheka. Akapuliza kidogo, akaziba tundu la bomba kwa kidole, akangoja pumzi ijitanue yenyewe. Kwenye ncha likachomoza tumbo la mviringo, sawasawa pande zote.

"Umewahi kufanya kazi hii?" fundi akamuuliza.

"La. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Fundi alilitazama lile tumbo muda mrefu. "Kesho uje na wifi yako," akamwambia.

Nafasi niliyoisubiri mpaka nikakata tamaa, yeye aliipata kabla hajamaliza embe lake.

Tangu siku ile nilimwonea kijicho, na sitalizunguka neno hilo. Kioo cha chupa kina ukaidi wake: kinaganda upesi, hakikupi nafasi ya kufikiri, nami nilikuwa mtu wa kufikiri. Nilipofikiri cha kufanya, kilikuwa kimeshakuwa kigumu, na nilipokirudisha motoni kililegea kikapinda. Vyangu viliishia kwenye pipa la vipande. Vyake viliingia kwenye tanuri dogo la kupozea, ambako vyombo vizima hulazwa ili vipoe polepole visipasuke, na asubuhi vikatolewa vikapangwa rafuni. Kila nikifika nilivikuta vimenitangulia, vimesimama.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mume wangu alisikia habari, akafurahi bila kujua anapokanyaga. "Dada yangu tangu utotoni ana mikono," alisema mezani. "Hata vikapu alisuka kuwashinda wakubwa." Mimi nilikuwa nikipakua wali. Nikampakulia wifi mnofu mkubwa wa samaki, kwa kuwa ndivyo inavyompasa mgeni, na nilipofika kwenye sahani yangu sikuwa na njaa.

Na alikuwa mwema, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Njiani alinishika mkono akaniambia, "Wifi, usikitazame sana. Kisikilize kwenye vidole." Nilimwitikia "Haya," nikaumia moyoni. Angekuwa na maringo ningejua pa kumweka. Nikaanza kujizoeza peke yangu uani, bonge la unga wa chapati nimelibandika kwenye ncha ya mpini wa ufagio, nikizungusha, nikizungusha, nalo likiinama. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza ninapika nini. Nikamwambia nafukuza kunguru.

Kisha wakaja wageni, watu wa hoteli moja waliotaka kuona kazi kabla ya kuagiza. Fundi akamchagua wifi aketi kwenye benchi la kutengenezea. Anayeketi pale anashika koleo na kuzungusha bomba, basi hawezi kupuliza. Lazima awepo mwingine wa kupiga magoti upande wa pili na kumpulizia. Fundi akanitazama mimi.

Nikapiga magoti. Mdomo kwenye chuma, jasho likiingia machoni.

"Puliza, wifi," alisema, taratibu. Nikapuliza. "Basi." Nikaacha. "Kidogo tena. Ehee. Basi."

Sikuwa nikiona kioo, ila nilisikia sauti yake na kuona miguu yake ndani ya viatu vizito vya kuazima. Nilijua kwamba pumzi moja ya nguvu ingelipasua tumbo lile mbele ya wageni wote, na nilijua yeye hajui kwamba nimeliwaza hilo. Nilipuliza kama alivyotaka. Pumzi zangu hazikuwahi kuwa nyororo vile nilipojifanyia mwenyewe. Likatoka jagi lenye shingo ndefu. Wageni wakapiga makofi, wakampa mkono yeye, na mmoja akaniomba nisogee apate kumpiga picha.

Mwezi uliofuata akaacha. Alilisema huku tukimenya viazi. "Mimi joto lile silipendi, wifi. Nilikuja kukusindikiza tu. Kuna rafiki yangu anauza vitenge Kongowea, ananitaka tusaidiane."

"Na kioo?"

"Kioo nimekiona."

Sikulala vizuri. Nilidhani nitafurahi, kumbe kijicho kiliongezeka. Kitu nilichokililia, yeye alikitua kama mtu anavyotua kikapu kisicho chake.

Fundi alikuja mwenyewe Junda kumbembeleza. Alibisha hodi, nikamkaribisha, nikampa kiti kizuri na chai ya tangawizi. Alizungumza na wifi mpaka chai ikapoa, kuhusu kipaji, kuhusu mikono ambayo hakuona mfano wake katika kazi yake yote. Wifi alimsikiliza kwa adabu, akakataa kwa adabu. Alipoondoka, fundi alinishukuru kwa chai.

Mimi nikabaki karakanani. Sijui kama ilikuwa mapenzi ya kazi au ukaidi. Ilipita masika nzima kabla fundi hajachukua bilauri yangu, akaigonga kwa ukucha, akasema, "Hii inauzika." Leo natengeneza bilauri na vibakuli, na vinatoka. Jagi bado sijaliweza.

Wifi alipita juzi kutoka sokoni, amechoka, nikampa maji katika bilauri niliyoitengeneza wiki hiyo, iliyonipendeza kuliko zote. "Ni yako hii? Wallahi nzuri," akasema, ijapokuwa sisi ni watu wa kanisa. Akanywa. Kisha akaigeuza polepole mkononi bila kuitazama, akili yake ikiwa kwenye vitenge na wateja, na kidole gumba chake kikasimama mahali pamoja, palepale kioo kilipokuwa kinene kuliko kwingine. Kikapapasa mara mbili. Akaomba nimwongezee maji.