Kabari za Mwaloni

Kwa Roswitha Pankoke, mtu ambaye hajawahi kuokota kabari hajasafiri, amebebwa tu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Miaka yote aliyozunguka na mumewe Ewald katika gari lao la kulala ndani, kazi waligawana safari ya kwanza na hawakubadilishana tena: Ewald aliendesha, Roswitha aliokota. Wakikuta mteremko, Ewald alipandisha magurudumu ya mbele juu ya kabari mbili mpaka gari likae sawa. Siku ya kuondoka alirudi nyuma taratibu, magurudumu yakateremka, kabari zikabaki kwenye nyasi. Hapo Roswitha alikuwa ameshasimama nje na glavu zake za bustani. Aliziokota, akazikung'uta tope, akazisukuma kwenye sanduku la ubavuni, kisha akagonga bati la gari mara mbili. Maana yake ilikuwa zimo, twende.

Wengine hununua kabari za plastiki za manjano. Ewald, mchimba makaa wa mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani, alisema hizo ni za kuchezea watoto. Mgodi wao ulipofungwa alibeba nyumbani kipande cha boriti ya mwaloni, akachonga kabari mbili, na upande wa chini akachoma majina kwa chuma cha moto, EWALD kwenye moja na ROSWITHA kwenye nyingine. Roswitha alimuuliza kwa nini ayaweke chini ambako hakuna atakayeyaona.

"Nyinyi wanawake mnataka kila kitu kiwe dirishani," alijibu Ewald.

Ewald alikufa mwezi wa pili, kabla ya msimu wa safari kuanza. Binti yao alitaka gari liuzwe. Roswitha alikataa, akaenda kujifunza kuliendesha kwenye uwanja wa duka Jumapili, duka likiwa limefungwa, na majira ya joto yalipofika akaondoka peke yake. Vitu vyake vyote alikuwa navyo: birika la kupiga mluzi, taa ya kuvaa kichwani, mkeka wa mpira wa kuzuia sahani zisiteleze, na kopo la kumwagilia maua ambalo halijawahi kuona ua, kazi yake ni kujaza tangi pale mpira wa maji usipofika. Alikuwa na vibanio vya nguo vilivyobana mifuko ya kahawa, mapazia, na wakati mmoja soli ya kiatu cha Ewald. Vyote hivyo vikipotea angenunua vingine bila kulalamika. Kabari hangezipata dukani, kwa sababu aliyezichonga hayupo, na huo ndio ulikuwa wivu wake nazo.

Sasa huyo Gernot. Roswitha alimkuta kwenye uwanja mmoja wa magari ya kulala ndani, kando ya Mto Mosel, chini ya mashamba ya mizabibu, mahali ambapo magari hupangwa yakitazama maji. La Gernot lilikuwa kubwa kama basi, na lilikuwa na miguu minne ya umeme ambayo ukibonyeza kitufe hujishusha na kulisawazisha gari bila mtu kuinuka kitini. Ila miguu ilikuwa imegoma. Asubuhi ile Gernot alikuwa amelala chali chini ya gari akiitukana, na mkewe Heidrun alikuwa amekaa nje ameshika kikombe mkononi, kwa sababu meza yao ya kukunja, iliyoshikizwa ubavuni mwa gari, ilikuwa imeinama pamoja nalo.

Gernot alipotoka uvunguni aliona magurudumu ya jirani yake. "Mama, hizo mbao umezitoa makumbusho?"

"Hata kama. Kahawa yangu haimwagiki," alisema Roswitha.

Heidrun alicheka. Gernot hakucheka. Baadaye alisimama na mikono kiunoni akimtazama Roswitha akichomoa waya wa umeme, akikunja kiti na kupanda kwenye usukani, akimtazama vile wanaume wa viwanja hivi wanavyomtazama mwanamke aliye peke yake kwenye gari kubwa, kama watu waliokaa kungojea mpira uanze. Roswitha alitaka tu kuondoka machoni pake. Akarudi nyuma bila kugusa kitu, akageuza, akaenda zake.

Njiani alihisi kuna jambo halijakamilika, lakini hakujua ni nini. Masikio yake yalikuwa yanangoja kitu. Alifika uwanja mwingine mbele huko, akafungua sanduku la ubavuni ili achukue kabari, na sanduku lilikuwa tupu. Hapo ndipo alipoelewa. Hakuna aliyegonga bati. Alijitukana mwenyewe kwanza, kisha akamtukana Ewald, akageuza gari.

Aliporudi, basi la Gernot lilikuwa limehamia pale alipokuwa ameegesha yeye, magurudumu ya mbele yamekaa juu ya kabari za mwaloni. Gernot alikuwa chini ya mwavuli na glasi ya divai mezani, nayo divai imetulia.

"Bwana, hizo kabari ni zangu," alisema Roswitha.

"Ah, mama umerudi. Zipi?"

"Hizo ulizozikalia."

"Hizi nimeziokota."

"Hujaziokota, umezipanda. Na asubuhi ulikuwa unazicheka."

"Bado nazicheka. Ila zinafanya kazi." Akanywa kidogo.

"Basi rudi nyuma unipe, niende."

"Nirudi nyuma? Mimi nimeshasawazika. Nimepima kwa simu, sawa kabisa pande zote. Sisi tunaondoka Jumapili. Nitakuwekea pale kwenye jiwe." Kisha akatabasamu kama mtu aliyepata wazo zuri. "Au tuseme hivi, zina jina lako?"

"Zina."

Gernot akainama kwa madaha, akatazama upande huu na upande ule. "Mbona silioni?"

"Liko chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya kabari, chini ya gurudumu, chini yako wewe."

"Basi mama, jina lisilosomeka si jina."

Huu ndio upuuzi wa watu wa aina yake. Kwenye viwanja hivi kiti kitupu kikiachwa kwenye nyasi hakuna anayeegesha hapo, na mtu hukimbia nyuma ya gari la jirani kumrudishia kibanio kimoja cha nguo. Kila aliyekuwa pale alizijua kabari zile, maana walikuwa wamezitazama tangu juzi. Lakini wanaume wa meza za karibu waligeuka ghafla wakawa wataalamu wa soseji zao, wakizigeuza moja moja kwenye jiko la makaa. Kilichomchoma Roswitha zaidi ya kabari ni ule upole wa Gernot, sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Tulia, mama. Nitakununulia za plastiki, mpya, na mfuko wake. Hapo umepata faida."

"Mume wangu hakunitengenezea plastiki."

"Basi mwambie akutengenezee nyingine."

Heidrun aliweka kikombe chini. "Gernot. Mumewe amekufa. Si ameniambia asubuhi, ukiwa hapo hapo uvunguni?"

"Sikusikia." Gernot alikuna shingo. "Pole sana, mama. Lakini msiba ni msiba na gari ni gari. Nikishuka hapa, jioni nzima imeharibika."

Heidrun aliinuka, akaingia ndani ya gari. Gernot alidhani amekwenda kuongeza divai, akaitenga glasi yake tayari. Kisha injini ikawaka.

"Heidrun, unafanya nini? Hilo hujawahi kuliendesha."

Kioo cha dirisha kilishuka. "Nimeendesha gari la mikate la baba yangu wakati wewe bado unaogopa baiskeli. Kunja meza."

"Kuna divai mezani."

"Ndiyo maana nakuambia kunja. Bi Roswitha, nielekeze, huku nyuma sioni kitu."

"Kwanza waya," alisema Roswitha. Alichomoa waya wa umeme, akaukunja, akaenda kusimama nyuma, pale ambapo dereva humwona mtu kwenye kioo cha pembeni. Mikono ilipanda yenyewe. Tangu mwezi wa pili hakuwa amemwelekeza mtu, na alikuwa amedhani ni Ewald tu anayeisoma mikono ile. Njoo. Njoo. Kata kidogo kulia. Taratibu. Gernot alikuwa anakimbia ubavuni akipunga mikono yote miwili, akisema simama, akisema kushoto, akisema mti, na hakukuwa na mti. Heidrun hakumtazama hata kidogo. Basi lilishuka kutoka kwenye kabari kwa kishindo kidogo, glasi ikaanguka, likarudi mpaka kiganja cha Roswitha kilipojifunga kumwambia dereva simama.

"Haya, ziokote, usome," Roswitha alimwambia Gernot.

Zilikuwa zimezama topeni. Gernot alizing'oa kwa kucha, akazipindua, akazifuta kwa kiganja. Mmoja wa wale wataalamu wa soseji alisogea na uma wake mkononi, akasoma kwa sauti. "Ewald. Na hii, Roswitha."

Gernot alimkabidhi Roswitha bila kumtazama usoni. "Ungesema vizuri tu, mama, ningekupa."

"Nilisema vizuri. Wewe ulikuwa umesawazika."

Ilikuwa imeshakuwa jioni, naye Roswitha hakutaka kuendesha gizani. Aliegesha kwenye nafasi ya mwisho na kabari zake, akakaanga mayai, na ute ukatulia katikati ya kikaango. Heidrun alikuja na kiti chake na sahani yake, kwa sababu kwao kila kitu kilikuwa kinateleza. Alimuuliza Roswitha ilikuwaje akasahau kitu anachokipenda hivyo, na Roswitha akamweleza kuhusu glavu, sanduku na bati.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa wa nje," alisema Heidrun.

"Nilikuwa wa nje. Sasa mimi ni wa ndani, na nje hakuna mtu."

Asubuhi basi la Gernot lilikuwa limeinama kuelekea mtoni, naye yuko tena uvunguni. Roswitha alichomoa waya, akapanda, akarudi nyuma taratibu mpaka magurudumu yakateremka. Alivuta breki ya mkono na kushika mlango ili ashuke kuziokota. Hakupata nafasi ya kuufungua. Alisikia sanduku la ubavuni likifunguka, mbao zikisukumwa ndani, kifuniko kikifungwa. Kisha bati likagongwa mara mbili, na kwenye kioo cha pembeni akaonekana Heidrun akijikung'uta tope mikononi.

Roswitha alibaki ameshika usukani, machozi yakimtoka kwa hasira, hasira ambayo tangu mwezi wa pili alikuwa hajui aipeleke wapi.

"Mjinga wewe, Ewald," alisema. "Ungeningoja."

Akaachia breki, akaondoka.