Ekseli Nene Kwenye Difu ya Hajati

Kama hujawahi kuona ndani ya difu ya gari, usiogope. Mimi mwenyewe, miaka miwili ya kwanza ya ufundi wangu hapa Sumbawanga, nilikuwa nafunga boliti kwa matumaini tu. Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya matairi ya nyuma. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini kushoto na kulia, ili gari likikata kona tairi la nje lizunguke haraka kuliko la ndani bila ugomvi. Humo zinatoka fimbo mbili za chuma, ndizo ekseli, kila moja na tairi lake. Ncha ya ndani ya ekseli ina meno, nayo huingia kwenye gia ndogo yenye tundu la meno, kama ufunguo kwenye kitasa. Meno yakilingana, gari linakwenda. Yasipolingana, umeshika ufunguo wa nyumba ya jirani.

Ukishaelewa hapo, umeshamzidi mwenzangu wa kuchomelea, ambaye tunagawana uwanja wa gereji na ambaye kwake kila tatizo la dunia ni ufa unaosubiri moto.

Hajati alikuwa mjane mwenye duka mjini na pikapu moja aliyoachiwa na marehemu mumewe. Siku za minada alipakia sukari, sabuni na vitenge akaenda kuuza vijijini, akiendesha mwenyewe, kiti kimesogezwa mbele mpaka kidevu karibu kiguse usukani. Pikapu ilitengenezwa kubeba tani moja. Hajati aliichukulia hiyo tani kama maoni ya mtu mmoja. Basi ekseli ya kulia ikakatika mlimani, akaletwa kwangu akivutwa na trekta, amekaa wima nyuma ya usukani kama anaongoza msafara.

Wanawe, wafanyabiashara wazuri wenye heshima zao, walikuwa wakiisubiri siku hiyo kwa subira kubwa. Walishamwandalia mapumziko: kochi jipya, televisheni pana, na mtu wa kumletea chai. Mkubwa wao alifika gereji kesho yake, Jumapili, akasimama mbali kidogo ili kanzu isipate oili.

"Fundi, usihangaike," aliniambia. "Jumapili ijayo kuna mtu wa chuma chakavu anakuja kuibeba."

"Nani kamwita?" Hajati aliuliza kutoka ndani ya gari. Alikuwa amerudi asubuhi na kukaa tena nyuma ya usukani.

"Mama, tunaangalia umri."

"Umri wangu au wa gari?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi na mimi nipakieni, tukapimwe kwenye mizani pamoja."

Wakabishana mpaka wakafikia mapatano, mimi shahidi. Jumamosi, kama pikapu itakwenda mnadani Msanzi ikiwa na mzigo na kurudi kwa nguvu zake yenyewe, funguo zinabaki kwa Hajati. Ikishindwa, Jumapili inapakiwa, na yeye anakaa kwenye kochi. Alipolitamka hilo neno "kochi," Hajati alilitamka kama watu wanavyotaja wodi.

Ekseli za aina ile hazipatikani tena, na hata zingepatikana, Hajati angezivunja. Mwenzangu akatoa ushauri wake bila kuombwa. "Tuchomelee gia zote za ndani ziwe kitu kimoja. Hazitavunjika milele."

Nikamweleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe, kwamba ukizichomelea, matairi mawili yanalazimika kuzunguka sawasawa hata kwenye kona, moja linaburuzwa, na mwisho kinachovunjika ni kitu kingine cha bei zaidi. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Lakini hazitavunjika."

Nikachagua njia ndefu. Niliagiza Tunduma, kwa muuza magari yaliyokatwa, ekseli mbili nene za pikapu kubwa zaidi. Zilifika na basi Jumatatu zikiwa zimefungwa kwenye kiroba. Urefu ulilingana, matundu ya boliti za tairi yalilingana, beringi ilihitaji kusuguliwa kidogo. Ncha ya ndani ndiyo ilikuwa na meno mengi kuliko tundu la gia zetu. Dawa yake ni kutafuta gia ndogo zenye tundu la kufaa, kisha kuzikereza mgongoni, yaani kuzipunguza kwa mashine, zikae kwenye difu ya zamani. Muuzaji alikuwa nazo za namna nyingi. Alitaka kitu kimoja tu: idadi ya meno.

Hapa sasa ndipo inabidi nikueleze kuhusu sisi watu wa Ufipa. Mtu mzima akipita, unamsalimu. Si kwa kuinua kidole kama watu wa mjini walioharakishwa na maisha. Unaacha ulichoshika, unachuchumaa kidogo, unapiga makofi ya taratibu, unauliza habari na unasubiri majibu. Gereji yetu iko kando ya njia ya kwenda sokoni.

"Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane," nilihesabu, kidole gumba kikitembea juu ya meno.

Akapita mzee na baiskeli. Nikachuchumaa, makofi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Za hapa? Watoto? Mahindi yanasemaje?"

"Yamekubali, mzee."

"Na huyu mgonjwa?" Alielekeza kidevu kwenye pikapu.

"Anaendelea, mzee."

Akaenda zake. Nikarudi kwenye ekseli. "Nilikuwa wapi?"

"Kumi na nane," alisema mwenzangu.

"Nilishaisema, au nilikuwa nataka kuisema?"

"Sura yako ilikuwa ya mtu anayetaka kuisema."

Nikapata ishirini na tisa. Mwenzangu akarudia kuhakikisha, katikati wakapita mama wawili na katekista, akapata thelathini na moja. Watu wengine wangehesabu mara ya tatu. Sisi tulitazamana, na kila mmoja akaona aibu kumwambia mwenzake amekosea. Mwishowe akasema mimi ni mkubwa kwake, kwa hiyo ishirini na tisa ndiyo yenye heshima. Nikampigia simu muuzaji.

"Una uhakika, fundi?"

"Tumehesabu watu wawili," nikamjibu, na hilo halikuwa uongo.

Gia zikaja Jumatano. Ekseli ikakataa kuingia. Nikaisukuma, nikaigeuza, nikaipaka grisi. Mwenzangu akaenda kuleta nyundo, nikamzuia. Nakuomba na wewe ujizuie. Jino la chuma likikataa, halifanyi kiburi, linakupa taarifa.

Hajati alikuwepo. Alikuja kila siku na kiti chake cha plastiki, kama anamwangalia mgonjwa. Sikuwa na la kufanya ila kumweleza ukweli wote, pamoja na mzee wa baiskeli.

"Kwa hiyo gari langu linauzwa kwa kilo," alisema, "kwa sababu nyinyi mna adabu?"

"Samahani, mama."

"Lete hicho chuma."

Akageuza kiti, akaipa barabara mgongo. Akaniambia nipake chaki jino la kuanzia. Kisha akatoa tasbihi yake, ile yenye punje thelathini na tatu, na kila jino alilogusa kwa mkono mmoja akavuta punje kwa mkono mwingine. Katikati ya kazi akapita shemeji yake, akamsalimia. Hajati akaitikia, akauliza habari ya mguu wake, akaelezwa habari yote ya mguu, mimi nikiikodolea macho tasbihi. Lakini punje ilikuwa imebanwa kati ya vidole, haikwenda popote. Alipofika kwenye chaki zilikuwa zimebaki punje tatu.

"Thelathini," alisema. "Sasa mpigie simu, na usimsalimie sana."

Gia sahihi zilifika Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni kwa fundi wa kukereza kabla hajafungua. Tukapunguza mgongo wa kila gia kidogo kidogo, kupima na kurudia, maana gia ikikaza mno inaungua, ikilegea mno inajitafuna. Mchana nikafunga difu, nikajaza oili, nikainua nyuma kwa jeki, nikazungusha tairi la kulia kwa mkono. La kushoto likazunguka kinyume, kimya, kama inavyotakiwa. Mwenzangu akatazama muda mrefu. "Na hujachomelea popote?" akauliza kwa huzuni.

Hajati akaniuliza atajuaje difu ikichoka, nikamfundisha kitu kimoja: kila akisimama, apapase difu kwa nyuma ya mkono. Ikiwa ya uvuguvugu, aendelee. Ikimuunguza, asimame anipigie.

Jumamosi aliondoka baada ya sala ya alfajiri, magunia juu ya magunia. Msanzi si mbali. Tulimtegemea saa nane mchana. Saa tisa mwanawe mkubwa akaja gereji. Saa kumi kanzu ilikuwa imeshaegemea mapipa ya oili bila yeye kujali. Nilijaribu kumtia moyo kwa kumweleza habari za difu, naye kwa adabu akaitikia. Simu ya mama yake ilikuwa haipatikani. Mimi nilishaanza kuiona ekseli yangu imelala kando ya barabara.

Karibu saa kumi na moja simu yake ikaita. Akaiweka sauti kubwa.

"Mama! Uko wapi?"

"Kasesya."

"Kasesya, mpakani na Zambia?"

"Kwani kuna nyingine? Hapa malori yamejipanga, madereva wote wana njaa ya sabuni na sukari. Msanzi niliuza nusu kabla ya saa tano. Nimepapasa difu, ya uvuguvugu. Nikasema, hili gari halijachoka."

"Tulikubaliana Msanzi na kurudi!"

"Nitarudi. Hatukukubaliana kwa njia ipi. Mwambie fundi chuma kimekaa."

Ikakatika. Mwanawe akanitazama. "Wewe ndiye umemfundisha kupapasa difu?"

"Aliniuliza," nilisema.

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akatafuta kwenye simu namba ya mtu wa chuma chakavu. "Kaka, salama? Nyumbani hawajambo? Sikiliza, kesho usije. Gari halipo." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hata mama mwenyewe hayupo."