Furakha Yangu na Msumeno wa Moto

Nakumbuka Ijumaa moja pale Hail, mtaa wa hapa Maskati, nilipokuwa na miaka ishirini na tatu, nilipotaka kila anayetoka msikitini anione mimi ndiye ninayeukata mkunazi wa mama. Mwanangu, kupenda kuonekana si dhambi. Mimi napenda mpaka leo, na wanaonijua watakwambia bila kuulizwa. Lakini siku ile nilitaka kuonekana na msumeno wa moto mkononi, na nusura niondoke duniani kabla ya chakula cha mchana.

Msumeno wa moto ni jina letu sisi tuliotoka Unguja. Hauna moto. Una injini ndogo ya petroli na mnyororo wenye meno, unaozunguka kwenye bapa la chuma kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ndugu zetu hapa Maskati wana jina lao la Kiarabu, lakini nyumbani kwetu lilibaki lile lile.

Wiki ile upepo na mvua vilikuwa vimeuinamisha mkunazi, matawi yake makubwa yakalalia paa la jiko. Mama aliupanda kwa mkono wake tulipohamia pale, na majani yake ndiyo aliyokuwa akioshea nywele. Akakataa katakata kuita wageni, maana aliogopa wangeung'oa wote. "Mukate kilichoangukia jiko tu," alituambia. "Shina muniachie lichipue." Basi kazi ikawa yangu na ya kaka yake, Mjomba Khalfan, seremala wa Sidab aliyekuwa amekata miti kabla mimi sijazaliwa.

Nikakimbilia dukani peke yangu. Muuzaji akaniuliza mti una unene gani. Nikamjibu, "Mnene sana," ingawa sikuwa nimeupima hata kwa macho. Nikatoka na msumeno wenye bapa refu kuliko yote mle dukani, mzito hata mkono uliniuma kuubeba mpaka garini. Kijitabu cha maelekezo nilikiacha ndani ya boksi, na nadhani kimo humo hadi leo.

Ijumaa nikavaa kanzu mpya na kofia ya nakshi. Furakha ya kanzu, kile kishada cha nyuzi kinachoning'inia shingoni, nikailowesha mafuta ya udi mpaka nikajisikia mwenyewe. Tulisali tukarudi mapema. Mjomba akaniambia, "Ningoje hapo, nnakwenda kuvaa buti." Akaelekea kwenye gari lake.

Sikumngoja. Watu walikuwa wameanza kupita barabarani, na mmoja wao alikuwa baba wa msichana niliyekuwa na nia naye. Ningengojaje?

Nikauwasha msumeno huku nimeuning'iniza mkono mmoja, jambo ambalo usije ukalifanya. Ukanguruma, watu wakageuka, nami nikatabasamu. Nikainama juu ya tawi la kwanza. Furakha yangu ikaning'inia mbele, ikagusa mnyororo.

Sikuona kitu. Nilisikia tu kola inanikaba na shingo inavutwa kwenda chini. Uso wangu ukasogea kwenye bapa lile nililolichagua kwa urefu wake. Vidole vikalegea vyenyewe kwenye kitufe cha petroli, mnyororo ukasimama, na kati ya pua yangu na meno yake palibaki nafasi ya kiganja. Mkono wa Mjomba ukapita ubavuni kwangu ukaizima injini. Mguu mmoja alikuwa na buti, mguu wa pili peku.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliingia ndani, akarudi na mkasi wa mama wa kushonea, akaikata furakha shingoni kwangu mbele ya watu wote, akanitia mkononi ile nusu iliyobaki. Kisha akachuma majani machache ya mkunazi na kunionesha.

"Unayajua haya?"

"Ya mama ya kuoshea nywele, Mjomba."

"Na ya kukoshea maiti," akasema. "Alasiri ya leo tungekukosha kwa majani ya mti huu huu. Mamako angeyachuma mwenyewe. Wewe ulikuwa unamwonesha nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi, na machozi yakanitoka nikiwa na miaka ishirini na tatu na kofia ya nakshi kichwani.

Wiki nzima Mjomba hakuniruhusu kugusa tawi. Kila jioni nikitoka kazini Qurum nilikwenda Sidab kunoa. Aliniwekea msumeno wake mdogo, ambao bapa lake lilitosha kabisa kwa matawi yetu, na tupa ya duara. Kila jino kwa pembe ile ile, kila jino nisugue mara sawa na mwenzake. Akanionesha kuangalia kinachoruka: mnyororo mkali hutoa vipande vipande, butu hutoa vumbi na moshi, na mtu mwenye msumeno butu huanza kuusukuma, hapo ndipo anapoumia. Mchanga wetu huu humaliza meno upesi, kwa hiyo gome lenye vumbi nilifagie kwanza. Mnyororo nisiubane wala nisiulegeze. Injini ikiwa imezimwa na glavu zimevaliwa, niuinue kidogo nione kama unarudi mahali pake. Petroli nichanganye na oili kama kitabu kinavyosema. "Kitabu kile ulichokiacha ndani ya boksi," akanikumbusha, na akanikumbusha tena kesho yake.

Ijumaa iliyofuata niliukata mkunazi. Nilivaa suruali nene, buti, kofia ngumu yenye wavu usoni na vizibo vya masikio. Msumeno niliuwashia chini, nimekanyaga mpini wa nyuma. Mjomba alinisimamisha mbele ya kila tawi nimwambie limebanwa wapi na limevutwa wapi, likikatika litarukia upande gani. Ncha ya bapa sikuigusisha popote, maana hapo ndipo msumeno hukurukia usoni. Jiko likabaki salama, shina likachipua. Yule baba wa msichana alipita akanitazama na mavazi yangu ya ajabu, akasema, "Sasa umekuwa mtu." Binti yake ndiye aliyenipikia chai asubuhi hii.

Tangu hapo nimekata miti ya nusu ya mtaa, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Najivunia hilo kuliko cheo chochote nilichopata ofisini.

Ijumaa iliyopita Nasra, binti wa ndugu yangu, alikuja kuuchukua ule msumeno mdogo wa Mjomba, alioniachia mimi. Nyumba ile ya Hail sasa ni yake, na mkunazi umeanza kupita ukuta wa jirani. Alikuja na kofia ngumu, buti, shungi lake amelichomeka lote ndani ya shati. Sikumfundisha kuvaa hivyo, alisoma kitabu. Nikaona fahari, nikauweka msumeno chini na kuuwasha, nikainama kumwonesha sehemu ya kutilia mafuta.

Akauzima.

"Ami," akasema, "na hii jee?"

Alikuwa ameishika furakha yangu. Nilikuwa nimetoka msikitini, na kanzu ilikuwa nyeupe pe, inanukia udi. Tulitazamana, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini. Mzee mwenye vidole kumi, anayesimulia kisa hiki kila Idi! Nikamwambia alete mkasi. Akakataa, akaniambia nikabadilishe nguo, yeye ataningoja. Na akaningoja.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Chagua msumeno kwa mti ulio mbele yako na mkono ulio nao, si kwa macho ya wapita njia. Unoe kabla haujakulazimisha kuusukuma. Usitie mafuta wala kushika mnyororo kabla injini haijazimwa. Vaa kwa ajili ya kazi, hata kama ni Ijumaa. Umri mrefu wa kazi haukukingi, mimi ni shahidi, kwa hiyo mwache mdogo wako akuzimie injini na umshukuru. Na ukiambiwa ungoje buti, ngoja.

Mola akupe nguvu ya mikono na utulivu wa moyo, akulindie macho na vidole vyako, na majani ya mkunazi ule uyatumie miaka mingi kwa kuoshea nywele tu.