Mahindi Masafi Kupita Kiasi

Safari hii ilitokana na barua ya mistari minne. Mhariri wa jarida moja la ng'ambo aliniandikia kwamba makala yangu ilikuwa imesomwa na wataalamu wawili: wa kwanza aliipenda, wa pili alisema sampuli za mahindi kutoka kijiji cha Matulo ni safi kupita kiasi na haziaminiki. Nieleze sababu katika wiki tatu, la sivyo niiondoe makala. Bila makala iliyochapishwa, chuo kikuu hakinipi shahada ya uzamili, na mimi Wanjiru, fundi wa maabara hapa Kitale, nilikuwa nimeingoja shahada hiyo mpaka watu wa nyumbani wakaacha kuniulizia. Wiki mbili za kwanza nilizimaliza nikiilaumu mashine.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe. Unasaga mahindi, unayaloweka kwenye kemikali, kisha maji yake unayasukuma kwa nguvu ndani ya mrija mwembamba uliojaa chenga kama za mchanga. Kila kilichomo ndani ya maji hayo hutoka kwa wakati wake, na kompyuta huchora kilima kila kitu kinapotoka. Hiyo ndiyo kromatografia. Aflatoksini, ile sumu ya ukungu wa mahindi, ina kilima chake ambacho nakijua kama ninavyoujua mlango wa kwetu. Mahindi ya Kitale yalikichora vizuri tu. Ya Matulo, yaliyovunwa kwenye mvua ileile, yalichora mstari ulionyooka.

Zamani makala za fani yetu zilikuwa za kujisifia mashine kubwa. Siku hizi upepo umegeuka: majarida yanataka kemikali kidogo, mbinu ambazo hata maabara ndogo inaziweza, chakula kinacholiwa na watu, na data zote ziwekwe wazi kila mtu azikague. Ndiyo maana fundi wa Kitale alipokelewa, na ndiyo maana pia alishikwa. Yapo majarida ya aina nyingine, yale yanayokutumia sifa kwa barua pepe na kukuahidi kukuchapisha Ijumaa ukilipa Jumatano. Nakiri kwamba barua moja ya namna hiyo niliifungua mara mbili.

Saa moja asubuhi, Kitale. Jirani yangu Jaspal, mwenye duka la vipuri, alikuwa akipeleka pampu Bungoma, akanipa lifti kwenye pikapu yake. Tulipopita Kiminini, Mlima Elgon ukiwa mkono wetu wa kulia, aliniuliza safari yangu ni ya nini, nikamweleza.

"Sasa unaenda kuuliza mahindi ni kwa nini imekuwa safi?"

"Ndiyo."

"Bana, miaka yote nasikia watu wakilia mahindi ni chafu. Wewe ndiye wa kwanza kulia safi."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ile barua ije. Kamukuywa tulisimama tukanunua parachichi, akanisimulia habari za pampu hadi tukaingia Bungoma.

Saa tatu na nusu nilichukua bodaboda kwenda Mabanga, kwenye kituo cha mafunzo ya kilimo. Hapo ndipo anafanya kazi Wafula, mkufunzi aliyenikusanyia sampuli. Alinitolea daftari nililokuwa nimemchorea mwenyewe: aina ya mbegu, siku ya kuvuna, unyevu, mahali pa kuhifadhi. Kila safu imejazwa, mwandiko safi kuliko wangu. Nilipomwambia shaka ya mtaalamu wa pili, aliumia.

"Madam, si unaona mwenyewe. Hakuna gunia nilichanganya, hata moja."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililonikatisha tamaa. Kama kosa si la mashine wala si lake, basi ni langu. Wafula akafunga daftari, akachukua kofia yake ya pikipiki na nyingine ya kwangu.

"Twende kwa wenyewe," alisema. "Tukikaa hapa tutabaki tu kuangaliana."

Saa sita mchana, Matulo, karibu na Webuye. Mama Nekesa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliotupatia mahindi, alitupokea mlangoni akatuketisha. Kila nilipofungua mdomo niulize, aliniambia nile kwanza. Nililetewa ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji, na nisingeweza kupata neno lolote kabla sahani haijaisha. Nilikula kwa haraka isiyo na adabu.

"Mama, yale mahindi mliyompa Wafula yalitoka wapi?"

"Hapo kwa stoo. Kwani ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Yalikuwa mazuri mno. Watu wa ng'ambo hawaamini."

Alimtazama Wafula, akaanza kucheka hadi akajifuta macho kwa leso.

"Si huyu alituambia ati mahindi inaenda Kitale kuangaliwa na madaktari? Sasa tungekupelekea na uchafu? Tulikaa hapa siku mbili tukichagua, moja moja. Mtu hawezi pelekewa mahindi haijachaguliwa. Ni aibu."

Wafula aliinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyestahili kuinamisha changu, maana daftari lile lilikuwa na safu ya kila kitu isipokuwa ya kuchagua. Na si kwamba mambo haya ni mageni kwangu. Mama yangu, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, hajawahi kumpikia mgeni githeri ya mahindi ambayo hayajachaguliwa.

"Na yale mabaya mlipeleka wapi?" niliuliza.

"Iko kwa debe, hapo nyuma. Nilitaka nipee kuku, kuku ikakataa."

"Usiwape kabisa, mama. Hiyo ni sumu."

"Ndiyo maana ilikataa. Hiyo kuku iko na akili."

Akaleta ungo akanionyesha wanavyofanya. Ya ukungu na yaliyobadilika rangi hata mimi niliyaona. Lakini yeye alitoa pia yaliyopasuka kidogo sana kwenye ncha, na mengine mazuri kwa macho ambayo vidole vyake vilisema ni mepesi. Nilijaribu fungu langu, nikadhani nimemaliza. Akapitisha mkono mara moja akatoa konzi nzima niliyoiacha. Akina mama wawili waliokuja kusalimu walinihurumia waziwazi.

Saa kumi jioni niliondoka Webuye kurudi Kitale na mfuko wa mahindi mabovu mapajani, nimeufunga kwa utepe mara tatu. Asubuhi yake niliyasaga na kuyapitisha kwenye mashine. Dakika ile niliyoingoja ilipofika, kilima kilipanda, kikaendelea kupanda, kikatoka juu ya skrini. Nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa kuwa nilikuwa nafurahia sumu.

Nilimwandikia mhariri kila kitu, na kosa la daftari nikalikiri, nikaweka data za mahindi yote, mazuri na mabovu. Majibu yalikuja: makala imekubaliwa. Yule mtaalamu wa pili, aliyeninyima usingizi, alitaka jambo moja tu, kwamba kazi ya mikono ya akina mama nisiiweke kama udhuru mwishoni, niiweke katikati kama hatua ya kwanza ya utenganishaji, na nimtaje mwenye mbinu.

Nilimpigia simu Mama Nekesa. Nilimwambia chuo sasa kitanipa shahada, na kwamba nataka kuandika jina lake.

"Andika sisi wote," alisema. "Lakini anza na mama mkwe wangu, Nasimiyu. Alikufa kitambo, lakini ni yeye alikuwa ananigonga vidole nikipitisha moja mbaya."

"Mama, yeye hataisoma."

"Hata mimi hiyo kizungu yenu siwezi soma. Wewe andika."

Nikaandika.