Shingo ya Mtu wa Nyuma

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, pale hifadhini wanamwita Antena. Miaka ishirini anaongoza wageni asubuhi kusikiliza ndege, na miaka sita hatusalimiani. Kosa langu? Nilisema chiriku kumbe shore. Badala ya kunivuta pembeni akanicheka mbele ya wageni, kisha akapeleka maneno kwa mkuu wa hifadhi. Nikarudishwa nyuma ya msafara, kazi yangu kuswaga wanaochelewa. Nilimchukia, sifichi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi: anasimama, anainua mkono, watu wanabana pumzi. Kisha anageuka, ananikodolea macho mimi huku nyuma, halafu ndiyo anataja ndege na kuonyesha mti. Wageni walidhani ananionya nisikohoe. Mimi nilijua ni dharau tu.

Mpaka dada alipokuja kwangu, akakaa kwenye stuli ya jikoni bila hata kuvua viatu.

"Mdogo wangu, shemeji yako hasikii. Sauti nyembamba zote zimempotea, huu mwaka wa pili. Redio tunafungulia mpaka majirani wanagonga ukuta."

"Sasa ndege anawatajaje?"

"Anakuangalia wewe. Ndege akilia, shingo yako inageuka yenyewe kumfuata. Anasema siku hizi hukosei."

Lo! Miaka miwili mtu anakula kwa shingo yangu, na salamu hanipi!

"Jumamosi mkuu atatembea nanyi," dada akasema. "Ameanza kumshuku. Na shemeji yako amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Wewe tembea kama kawaida, sikuombi zaidi."

"Aje aniombe mwenyewe."

Hakuja. Jumamosi alinipita getini kana kwamba mimi ni nguzo ya geti. Haya, nikasema moyoni, leo tutaonana.

Hondohondo alimtaja bila msaada. Yule kelele zake hata maiti angeamka. Kigogota naye akampata. Mkuu, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, akawa anaandika kwenye daftari. Tulipofika darajani Antena akainua mkono, na papo hapo chiriku akaanza juu ya vichwa vyetu, safari hii chiriku wa kweli. Antena akageuka.

Nikatazama kamba za viatu vyangu. Shingo ilikuwa inawasha, inataka kwenda, nikaikaza. Ndege akaimba, akapumzika, akaimba tena. Nilipoinua macho kidogo nikamkuta bado ananitazama, mkono ungali juu, na dharau hakuna hata chembe. Alikuwa ananiomba. Mwenyewe, kama nilivyotaka.

Nikarudisha macho kwenye kamba.

"Hapa kumetulia," akasema mwishowe. "Twendeni."

Mgeni mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Mkuu akafunga daftari.

Siku hizi natangulia mimi. Antena amewekwa getini, anakata tiketi, na wageni wanampigia kelele dirishani kama wanaita mtu ng'ambo ya mto. Nilidhani nitafurahi. Wiki ya kwanza nilifurahi kweli.

Jana asubuhi nikapita dirishani pake, kiburi kikaniishia. Nikasema, "Shikamoo, shemeji."

Aliendelea kupanga tiketi zake, kichwa chini. Sijui alininunia au hakunisikia. Wa kumuuliza ni dada tu, na dada hapokei simu yangu.