Ukaguzi wa Pua

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka Likoni kumjulia hali shangazi, nikirudi Jomvu Kuu husimulia kutwa kucha kama niliyetoka Bara Hindi. Ndiyo maana watu walicheka waliposikia, vita vilipokwisha, kwamba mtu huyo anataka kuruka.

Kazi yangu ilikuwa kufuta ndege uwanjani Port Reitz. Ndege yenyewe ndogo, viti viwili, mabawa ya kitambaa. Mzungu mmoja aliyerusha ndege vitani alikuwa akiwafundisha Wazungu wenziwe kuirusha. Sisi tulifundishwa kuifuta. Lakini kwa kuwa nilisoma hadi sekondari, na mgongo wa mwalimu ulikuwa mbovu, alinifunza ukaguzi wa kabla ya kuruka ili asiiname yeye. Nikajua kuizunguka ndege kuanzia mkiani, kupapasa bawaba, kumwaga petroli kidogo gilasini na kutazama kama ina maji. Mwisho, kuingiza kichwa pale pa kukaa na kunusa. Kukiwa na harufu ya kuungua, alisema, haruki mtu mpaka ijulikane itokako.

Mwenzangu wa kazi, baba wa watoto kutoka Rabai, aliniuliza nikifika juu nitatafuta nini kwanza, paa la mama?

Kisha ndege ikauzwa bara, na mwalimu naye alikuwa arudi kwao. Akaniahidi kwamba Jumamosi, kabla mnunuzi hajaja kuichukua, atanipandisha mara moja, na tukiwa juu atanipa usukani niushike. Nilijua hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Hapakuwa na mwingine pale wa kumpa kiti mtu kama mimi.

Mama hakubisha. Alisema tu kwamba mtu hatoki mbele za watu, sikwambii mbele za mawingu, akinuka petroli. Akanifulia shati, kaptura na kofia, akaviinika juu ya tenga, na chini yake chetezo cha udi, ule udi wa harusi yake aliokuwa akiuweka sandukuni. Nikatoka ninanukia kama bwana harusi. Njia nzima hadi Changamwe niliulizwa naoa kwa nani.

Nilikagua kila kitu. Petroli safi, bawaba nzima. Nikaingiza kichwa, nikanusa, nikasikia harufu yangu mwenyewe tu. Nikapanda nyuma ya mwalimu, nikafunga mikanda. Mwenzangu alikuwa ameshashika panga la mbele alizungushe kuiwasha injini, mwalimu akainua mkono.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni mimi, bwana. Mama amenifukiza nguo."

Akageuka, akaniuliza kwa upole kama naweza kuapa kwamba chini ya harufu yangu hakuna nyingine. Nikafikiri. Wallahi, sikuweza. Pua yangu ilikuwa imejaa udi tangu alfajiri. Hata Changamwe nzima ingeungua, nisingejua. Yeye naye alisema hawezi.

Basi tukashuka. Tukafungua kifuniko cha injini, tukang'oa viti, tukafuata waya mmoja mmoja. Hatukupata kitu. Mimi niliambiwa nisimame mbali, upande upepo unakokwenda, wao wakirudisha viti. Nilipokuwa nimesimama huko, mnunuzi akafika na begi lake, na hakuwa mtu wa kungoja. Akapanda na mwalimu wangu, waende pamoja hadi bara.

Nilitoa kabari za magurudumu mimi mwenyewe. Vumbi lilipotulia, mwenzangu alinisogelea, akanusa bega langu.

"Ndugu yangu," akasema, "laiti ungenuka jasho."

Nikarudi kwa miguu. Mama alikuwa uani, leso bado i mkononi, na majirani wawili wamesimama naye.

"Nimekupungia mlipopita," akasema. "Umeniona?"

Nikamwambia sikuwamo.

Akaikunja leso, taratibu.

"Basi niliyempungia ni nani?"

Nikasema ni mwenye ndege. Majirani wakakumbuka vyungu vyao motoni. Sababu mama hakuiuliza, nami nilishukuru. Alinivua kofia kichwani, akaikung'uta vumbi, akaingia jikoni.

Jumatatu nilirudi uwanjani kufuta ndege za wengine. Udi uliobaki sandukuni mama hakuutoa tena, nami sikuwa na safari ya kuuombea.