CD za Nyongeza kutoka Bwera

Mke wangu alinipa sharti lile siku alipofungua kabati la vyombo kutafuta glasi za wageni, akamwagikiwa na CD za gemu mpaka miguuni. Alizihesabu mbele yangu, moja moja, bila haraka. Sabini na moja. Kisha akauliza ni ngapi nimezicheza hadi mwisho. Nikasema mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa uongo.

"Mzee," akasema, "hii yote utacheza lini? Utaishi miaka ngapi?"

Nikatoa sababu zangu. Umeme wa Kasese unakatika, pedi ya kuchezea imelegea kitufe, na mimi ni mtu wa barabara: napakia lori chumvi Kabatoro, naishusha Bwera, nafasi nitaitoa wapi? Alisikiliza yote, halafu akakata shauri. Nisinunue CD hata moja mpaka nimalize kumi za zamani. Nikinunua, mashine yenyewe ya gemu inakwenda Hamukungu kwa kaka yake.

Astaghfirullah! Shemeji yangu ni mvuvi, nyumba yake ina taa moja ya sola, na mchezo anaoujua ni bao tu. Ile mashine niliipenda, nasema bila haya. Nilikuwa naipangusa vumbi kabla ya kupangusa viatu vyangu. Kwa hiyo niliapa, wallahi sinunui, watoto wakisikia.

Jumanne iliyofuata, siku ya soko, nikawa Bwera. Pale mpakani kulikuwa na mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, rozari shingoni, aliyepanga vitenge upande mmoja wa meza na CD za gemu upande wa pili. Nikapita nimegeuza uso.

"Papa, leo haunisalimie?"

Ikabidi nimweleze kiapo changu. Alicheka mpaka akashika meza.

"Walikukataza kununua," akasema. "Na kupewa je? Chukua kitenge ya bibi, mimi nakupatia CD ya matabishi. Iko bure."

Matabishi ni ile nyongeza ambayo wafanyabiashara wa ng'ambo humpa mteja: nyanya mbili juu ya fungu, kikombe cha maharagwe juu ya debe. Hakuna mtu sokoni anayesema nyongeza ameinunua. Kiapo kimevunjika wapi hapo? Kitenge nilikichagua bila kukitazama. CD niliichagua nusu saa nzima.

Nyumbani nilipokewa kama nimetoka Makka. Ijumaa nikaleta kitenge kingine, wiki iliyofuata viwili, na mke wangu akaanza kuwaambia majirani kwamba mume wake amerudia mapenzi ya uchumba. Mimi nikiinamisha kichwa kwa unyenyekevu, CD ziko chini ya kiti cha lori! Na zile kumi za kumaliza? Sikugusa hata moja. Kila nikikaa mbele ya mashine naweka ileile gemu ya mpira ninayoijua, nafungwa mabao manne, nazima.

Kitenge cha saba ndicho kilichoniponza. Kilikuwa na rangi mbaya, hata mimi niliona. Ijumaa moja nikiwa Kabatoro kwenye chumvi, mke wangu alipanda gari akaenda Bwera mwenyewe kukibadilisha. Niliporudi jioni nilimkuta ametulia sana, na utulivu ule sikuupenda.

"Yule mama wa vitenge ni mtu mzuri," akasema. "Nilipotaka kuongeza kingine aliniuliza, unachukua na CD ao bila CD? Bila CD ni nusu ya bei."

"Nusu!" nikaruka. "Mwizi mkubwa yule! Kumbe siku zote amenilipisha CD!"

Mke wangu akaniangalia.

"Kumbe ulinunua," akasema.

Mimi, mtu niliyekulia sokoni, nilikasirikia kupunjwa kabla ya kukumbuka kuficha uongo wangu.

Shemeji alikuja kesho yake na samaki wawili waliokaushwa kwa moshi, akaondoka na mashine imefungwa nyuma ya bodaboda. Aliniuliza kwa heshima, "Shemeji, hii inawashwaje?" Nikamwambia inahitaji televisheni. Akasema hana. "Basi itunze tu," nikajibu. Watoto walichungulia dirishani, mama yao akawaita ndani.

Jumanne nikaenda Bwera na hasira zangu nimezipanga njia nzima. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia yule mama, mengine nilikuwa nimeyarudia kwa sauti ndani ya lori. Aliponiona hakunipa hata nafasi.

"Papa, pole kwa mambo ya bibi. Niko na moja mupya hapa, nilikuwekea."

Akanipa mkononi. Nikaigeuza, nikasoma nyuma, nikatazama picha. Moyo ukanidunda vilevile kama siku zote, haukupungua hata kidogo, na nyumbani sina mashine, sina hata waya wake. Nilisimama pale nikijionea aibu. Mashine haikuwa ugonjwa wangu hata siku moja.

"Bila kitenge," nikamuuliza, "ni bei gani?"